Dai la Kulenga: Uhakiki wa Maandishi Kuhusu Dawa za Saratani Zinazoamshwa na Mwanga

Ikisiri

Maandishi ya kitaalamu kuhusu dawa za saratani zinazoamshwa na mwanga yamejengwa juu ya neno moja: kulenga. Dawa inaelezwa kuwa inaulenga uvimbe na kuuacha salama mwili uliobaki. Makala haya yanahakiki dai hilo. Hoja yake kuu ni kwamba neno kulenga limebebeshwa vitendo vinne vilivyo tofauti: dawa kukusanyika kwenye uvimbe, mwanga kuufikia uvimbe, dawa kuamka pale mwanga ulipo, na tabibu kujua uvimbe ulipo. Ushahidi wa vitendo hivyo haulingani. Kitendo cha tatu kina ushahidi imara, cha kwanza kina ushahidi dhaifu, na cha nne, ambacho ndicho kinachoamua hatima ya wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, hakitajwi kwa nadra inayostahili kusameheka. Kwa kutumia mifano ya saratani ya umio na madhara ya jua kwenye ngozi za watu wenye ualbino, makala yanaonyesha kwamba dawa ileile inaweza kufaa mahali pamoja na kutofaa pengine kwa sababu ambazo neno moja haliwezi kuzibainisha. Makala yanapendekeza istilahi nne za Kiswahili na maswali ya kuwaongoza washauri wa sera.

Istilahi za msingi: tibamwanga, tibakemia, ulengaji, saratani, tafsiri ya sayansi

1.0 Utangulizi

Tibakemia ya kawaida ina kasoro inayojulikana na kila aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa saratani. Dawa huingia kwenye damu na kwenda kila mahali. Seli za uvimbe hufa, lakini hufa pia seli za mizizi ya nywele, za utando wa kinywa na utumbo, na za uboho. Kiasi cha dawa ambacho kingeumaliza uvimbe mara nyingi ndicho kiasi ambacho mgonjwa hawezi kukistahimili. Kwa hiyo tangu Paul Ehrlich alipoanza kuzungumzia, mwanzoni mwa karne ya 20, dawa inayomfuata adui peke yake kama risasi ya ajabu, watafiti wamekuwa wakitafuta njia ya kuitenganisha sumu ya dawa na mwili wa mgonjwa.

Dawa zinazoamshwa na mwanga ni mojawapo ya njia hizo. Wazo lake ni jepesi kulieleza. Mgonjwa hupewa dawa iliyolala. Dawa husambaa mwilini bila kudhuru. Kisha mwanga wa rangi maalumu huelekezwa kwenye uvimbe tu, na dawa iliyoko hapo huamka na kuua. Penye giza, dawa hubaki imelala.

Chini ya wazo hilo kuna makundi mawili ambayo maandishi mengi huyachanganya. La kwanza ni tibamwanga inayotegemea oksijeni. Humo dawa, ambayo makala haya yanaiita kipokeamwanga, hupokea nguvu ya mwanga na kuihamishia oksijeni iliyo karibu, na oksijeni hiyo iliyochangamka ndiyo huiua seli. La pili ni tibakemia inayoamshwa na mwanga kwa maana halisi. Humo dawa yenyewe ndiyo sumu, ila imefungwa au imepindwa kikemia isiweze kufanya kazi, na mwanga ndio unaoifungua. Makundi yote mawili hudai kulenga. Uhakiki huu unauliza: ni nini hasa kinacholenga, kinalenga nini, na kinapata?

2.0 Chimbuko la dai

Historia ya fani hii imejaa mafanikio ya kweli, na haifai kuyapunguza. Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Katika miaka hiyohiyo mjini Munich, Oscar Raab, mwanafunzi wa Hermann von Tappeiner, aligundua kwamba viumbe vidogo vya majini vilivyowekwa kwenye rangi ya akridini vilikufa kwenye mwanga na kuendelea kuishi gizani. Von Tappeiner na wenzake waliendelea kuonyesha kwamba oksijeni ilihitajika, na wakajaribu rangi ya eosini na mwanga kwenye uvimbe wa ngozi za wagonjwa.

Tukio linalostahili kukumbukwa zaidi lilitokea mwaka 1912. Tabibu Mjerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijidunga miligramu 200 za hematopofirini ili ajue ingemfanya nini mtu. Kwenye kivuli hakuona tatizo. Alipotoka juani, sehemu za mwili zilizopigwa na jua zilivimba vibaya, na ngozi yake ikabaki kuogopa mwanga kwa miezi. Hapakuwa na uvimbe wowote wa kulengwa katika mwili wake. Kilichothibitishwa na jaribio hilo ni kwamba dawa ilikuwa kila mahali, na kwamba jua halichagui.

Tibamwanga ya leo ilipata mwili katika kazi ya Thomas Dougherty huko Buffalo, Marekani. Mwaka 1978 yeye na wenzake waliripoti kutibu uvimbe 113 wa wagonjwa 25, na uvimbe 111 kati ya huo ulipungua au kutoweka. Dawa iliyotokana na utafiti huo, Photofrin, iliidhinishwa Canada mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu cha mkojo, na Marekani mwaka 1995 kwa kumpunguzia adha mgonjwa ambaye umio wake umezibwa na saratani. Tangu hapo maandishi yamekuwa mengi, na neno kulenga limepanda kutoka sehemu ya maelezo hadi kwenye vichwa vya makala. Ndipo linapohitaji kuhakikiwa.

3.0 Vitendo vinne chini ya neno moja

3.1 Dawa kukusanyika kwenye uvimbe

Maana ya kwanza ya kulenga ni kwamba dawa huenda kwenye uvimbe zaidi ya inavyokwenda kwingine. Vipokeamwanga vya jamii ya pofirini hubaki kwenye uvimbe kwa muda mrefu kuliko kwenye tishu nyingi za jirani, lakini hubaki pia kwenye ini, wengu na ngozi. Ndiyo sababu mgonjwa aliyepewa Photofrin huagizwa kuepuka jua na mwanga mkali wa ndani kwa siku zisizopungua 30. Mafuta ya kawaida ya kukinga jua hayamsaidii, kwa kuwa huzuia miale ya urujuanimno, ilhali dawa hii huamshwa na mwanga unaoonekana.

Ili kuboresha ukusanyikaji, watafiti walipakia dawa katika chembe nano. Tumaini hilo liliegemea ugunduzi wa Matsumura na Maeda wa mwaka 1986, kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja na hivyo kupitisha chembe kubwa ambazo mishipa mizima huzizuia. Kwa miaka 30 hoja hiyo ilirudiwa kama kanuni. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Toronto lilikusanya matokeo yaliyochapishwa katika muongo uliotangulia na kukuta kwamba, kwa kipimo cha wastani wa kati, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe wa wanyama wa maabara. Wapo waliopinga namna ya ukokotoaji huo, na ubishi wao una msingi, kwa sababu dawa za kawaida nazo hazifiki kwa wingi. Hata hivyo hakuna upande katika mjadala huo unaoonyesha kwamba sehemu kubwa ya dawa huufikia uvimbe. Makala inayofungua kwa neno kulenga na kufunga kwa picha ya panya mwenye uvimbe unaong'aa haijajibu swali la sehemu iliyobaki.

Njia ya kingamwili ina nguvu zaidi. Kundi la Hisataka Kobayashi katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani lilichapisha mwaka 2011 mbinu ya kuambatisha kipokeamwanga kwenye kingamwili inayoshika kipokezi kilicho kwa wingi juu ya seli za saratani. Japani iliidhinisha dawa ya aina hiyo, cetuximab sarotalocan, mwezi Septemba 2020 kwa saratani ya kichwa na shingo isiyoweza kupasuliwa. Hapa ukusanyikaji una sababu ya kikemia inayoeleweka. Lakini kipokezi hichohicho kipo pia kwenye ngozi yenye afya, na kwa hiyo hata mfano ulio bora kabisa hutegemea mwanga kumaliza kazi ambayo kingamwili imeianza.

3.2 Mwanga kuufikia uvimbe

Maana ya pili ni kwamba mwanga huelekezwa mahali unapotakiwa. Juu ya ngozi, dai hili ni kweli tupu. Chini ya ngozi, mwili wenyewe hulipinga. Hemoglobini na melanini hufyonza mwanga wa buluu na wa kijani, na maji hufyonza mwanga wa infraredi uliovuka mipaka fulani. Kati ya takribani nanomita 650 na 900 kuna dirisha ambamo mwanga hupenya vizuri zaidi, na hata humo kina kinachotibika huhesabiwa kwa milimita. Mwanga mwekundu wa nanomita 630 unaoamsha Photofrin huleta athari ya tiba kwenye kina cha milimita chache tu.

Jibu la watafiti kwa kikwazo hicho limekuwa kuupeleka mwanga ndani kwa nyuzi za kioo. Padeliporfin, iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2017 kwa saratani ya tezi dume iliyo katika hatari ndogo, huamshwa na leza ya nanomita 753 inayopitishwa katika nyuzi zilizochomwa ndani ya tezi. Katika jaribio lake kuu lililohusisha wanaume 413, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 28 ya waliotibiwa baada ya miezi 24, ukilinganishwa na asilimia 58 ya waliokuwa wakifuatiliwa tu bila tiba. Mwanga ulifika. Hata hivyo mwezi Februari 2020 kamati ya washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani haikushawishika kuiunga mkono, kwa kuwa swali lilikuwa limehama: je, wanaume hao walikuwa na ugonjwa uliohitaji kutibiwa? Mfano huu unafunza kwamba kulenga vizuri hakujibu swali la nani anastahili kulengwa. Unafunza pia kwamba tiba inayohitaji sindano za nyuzi, chumba cha upasuaji na usingizi wa dawa haifai kuelezwa kana kwamba ni taa inayowashwa juu ya mgonjwa.

3.3 Dawa kuamka pale mwanga ulipo

Maana ya tatu ndiyo iliyo imara, na uhakiki wa haki hauna budi kulikiri hilo. Oksijeni iliyochangamka huishi kwa muda mfupi mno, na husafiri umbali ulio mdogo kuliko upana wa seli kabla ya kutulia. Madhara yake basi hubaki pale yalipozaliwa. Hakuna dawa ya kawaida ya tibakemia inayoweza kudai usahihi wa namna hiyo.

Udhaifu wake umo katika oksijeni yenyewe. Sehemu za ndani za uvimbe mwingi zina oksijeni haba, na tibamwanga hutumia hata hiyo kidogo iliyopo. Kwa sababu hiyo kundi la pili la dawa, zile zilizofungwa kikemia, lina umuhimu wa pekee. Peter Sadler wa Chuo Kikuu cha Warwick ameunda misombo ya platini, chuma kilekile kilicho ndani ya sisplatini, ambayo hutulia gizani na kuwa sumu inapomulikwa. Sylvestre Bonnet wa Leiden amefanya kazi kama hiyo kwa misombo ya rutheni. Mwaka 2015 kundi la Oliver Thorn-Seshold na Dirk Trauner wa Munich lilitangaza dawa zinazozuia mgawanyiko wa seli ambazo, zikimulikwa, huwa na nguvu hadi mara 250 kuliko zikiwa gizani. Dawa hizo zina sifa ya ziada ambayo wengine hawana: mwanga ukiondolewa, molekuli hujirudia umbo lake la kulala. Mjini Buffalo nako, kundi la Jonathan Lovell limetengeneza liposomu zenye pofirini ambazo hubeba doksorubisini na kuiachia pale leza inapopita.

Pamoja na uimara huo, maandishi ya kundi hili yana mapengo matatu. Kwanza, uwiano wa nguvu kati ya mwanga na giza hupimwa zaidi kwenye seli zilizooteshwa katika sahani, ambako mwanga haupiti kwenye damu. Dawa za Munich huamshwa na mwanga wa urujuani na buluu, yaani mwanga uleule ambao mwili huufyonza upesi zaidi. Namba 250 ni ya kweli katika sahani, lakini haimwambii tabibu lolote kuhusu uvimbe ulio sentimita mbili chini ya ngozi. Pili, dawa inayofunguliwa bila uwezo wa kujifunga tena huanza kusambaa mara tu inapofunguliwa. Mwanga huamua mahali pa kuanzia. Damu huamua mahali pa kumalizia. Tatu, kazi nyingi za kundi hili bado ziko kwenye seli na panya, ilhali lugha inayotumiwa kuzieleza ni ile iliyokomaa katika dawa zilizokwisha kuwafikia wagonjwa.

3.4 Tabibu kujua uvimbe ulipo

Maana ya nne ni ya msingi kuliko zote, na maandishi huipita kimya. Mwanga hauwezi kuelekezwa mahali pasipojulikana. Dawa ya kawaida, pamoja na ukatili wake wote, ina fadhila moja: huzifuata hata seli zilizohama ambazo hakuna aliyeziona. Dawa inayoamshwa na mwanga imeiacha fadhila hiyo kwa hiari ili kupata usahihi. Kwa mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kuenea, mapatano hayo ni mabaya.

Jambo hili si kasoro ya kikemia ambayo molekuli bora zaidi itaiondoa. Ni sehemu ya maumbile ya tiba yenyewe. Tiba inayolenga kwa mwanga ni tiba ya ugonjwa uliogunduliwa mapema, uliopimwa vizuri na ambao mipaka yake inajulikana. Ikiwa kugundua mapema hakupo, vitendo vitatu vya awali vinaweza kukamilika vyote na mgonjwa akafa.

4.0 Dai katika mazingira ya Afrika Mashariki

4.1 Saratani ya umio

Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, una viwango vya juu vya saratani ya umio. Kwa kuwa Photofrin iliidhinishwa kwa umio, mshauri wa sera anaweza kufikiri kwamba hapa ndipo mahali pa kuanzia. Uhakiki wa vitendo vinne unaonyesha kinyume.

Mwanga unaweza kufika, kwa kuwa umio ni mrija unaopitisha endoskopi. Dawa huamka. Lakini wagonjwa wengi wa ukanda huu hufika hospitalini wakiwa hawawezi tena kumeza chakula kigumu, hatua ambayo uvimbe umepita kina cha milimita chache na mara nyingi umekwisha kuenea. Anachokihitaji mgonjwa huyo ni kumeza tena, na upesi. Hospitali ya Tenwek, katika kaunti ya Bomet nchini Kenya, imekuwa kwa miaka mingi ikiwawekea wagonjwa wa namna hiyo mirija ya chuma inayopanuka na kulizibua umio. Tibamwanga huhitaji kudungwa dawa, kungoja saa 40 hadi 50, kumulikwa, na kisha siku 30 za kulikimbia jua.

Sharti hilo la mwisho halina uzito sawa kila mahali. Mgonjwa aliye mjini Buffalo wakati wa baridi hulitimiza kwa kukaa ndani na kushusha mapazia. Mkulima aliye karibu na mstari wa ikweta, ambaye maji, kuni, shamba na msala viko nje ya nyumba, na ambaye huenda amebakiwa na miezi michache ya kuishi, huombwa kuutumia mwezi mmoja wa miezi hiyo ndani ya nyumba, mbali na jua. Maandishi ya kitabibu huliweka sharti hili chini ya kichwa cha madhara madogo. Katika Afrika Mashariki linastahili kuwekwa chini ya kichwa cha gharama.

4.2 Ngozi za watu wenye ualbino

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine. Watu wenye ualbino hukosa kinga ya melanini, na jua huwaletea madoa magumu ya ngozi ambayo baadhi yake hugeuka saratani. Kwa hali hii, vitendo vyote vinne vinawezekana. Madoa huonekana kwa macho, kwa hiyo mahali panajulikana. Mwanga hauna tishu nzito ya kupenya. Dawa inayofaa, asidi ya aminolevuliniki, hupakwa juu ya ngozi badala ya kudungwa. Seli zilizoharibika huigeuza kuwa pofirini ndani yake zenyewe. Na hali ya kuogopa mwanga huishi kwa siku moja au mbili, pale ilipopakwa tu. Mamlaka ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1999 kwa madoa ya aina hiyohiyo yanayosababishwa na jua. Taa za LED zenye mwanga mwekundu, ambazo hazitoi miale ya urujuanimno, si ghali kama leza.

Hata hapa tahadhari inahitajika. Madaktari wa ngozi wa Denmark wameonyesha kwamba mwanga wa mchana unaweza kutumika badala ya taa, mgonjwa akikaa nje kwa takribani saa mbili. Mtu anayesoma kwa haraka ataona kwamba jua ni bure na Afrika Mashariki inalo kwa wingi. Lakini jua hilohilo ndilo lililomletea mgonjwa maradhi, na tafiti hizo ziliwahusu watu wa latitudo za kaskazini wasio na ualbino. Kinachofaa hapa ni taa nyekundu ndani ya chumba. Tena tiba hii hailengi saratani iliyokwisha kupenya ndani ya ngozi. Hiyo ni kazi ya upasuaji. Wala haichukui nafasi ya kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kama Kilisun, yanayotengenezwa Moshi, karibu na kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC. Kituo cha aina hiyo ndicho chenye wataalamu na wagonjwa wa kufanyia jaribio la kulinganisha tibamwanga na kugandisha madoa kwa naitrojeni ya maji, njia iliyozoeleka. Swali la utafiti liko wazi, ni dogo, na linaweza kujibiwa.

5.0 Tatizo la istilahi

Wataalamu wa Kiswahili wana nafasi katika mjadala huu kwa sababu lugha yao inaonyesha kile ambacho lugha za maandishi ya awali zimekificha. Katika Kiswahili, kulenga ni kuelekeza. Mwindaji hulenga, kisha hupata au hukosa. Kitenzi hakiahidi matokeo. Mtafsiri mwaminifu angeweza kuutumia uangalifu huo wa lugha kumkumbusha msomaji kwamba kulenga na kupata ni mambo mawili.

Hatari iko katika kivumishi. Msomaji wa Kiswahili anajua lugha lengwa na hadhira lengwa, na katika miundo hiyo lengwa humaanisha kile kinachoelekezewa mshale. Anayeunda dawa lengwa kwa mfano huohuo ameigeuza dawa kuwa shabaha. Uvimbe ndio lengwa. Dawa ni mshale, na upinde una sehemu nne. Badala ya neno moja, makala haya yanapendekeza istilahi nne: ukusanyikaji, kwa dawa kujikusanya kwenye uvimbe, ufikaji, kwa mwanga kuufikia uvimbe, uamshaji, kwa dawa kuanza kazi chini ya mwanga, na utambuzi, kwa kujua uvimbe ulipo na mipaka yake. Maneno haya yote yanatokana na vitenzi vya kila siku, na kila moja linaweza kupimwa kwa kipimo chake. Sentensi isemayo kwamba dawa ina uamshaji mzuri na ukusanyikaji hafifu inamfaa mshauri wa wizara kuliko isemayo kwamba dawa inalenga.

6.0 Maana yake kwa sera

Nchi za ukanda zina kumbukumbu ya karibu kuhusu gharama ya kutegemea kifaa kimoja. Mwezi Machi 2016 mashine pekee ya tibamionzi nchini Uganda iliharibika, na mashine mpya ikazinduliwa rasmi Januari 2018. Tiba inayohitaji leza, nyuzi za kioo na dawa inayoagizwa kutoka nje inaweza kuingia katika mtego huohuo. Kwa upande mwingine, kazi iliyofanyika India kwa saratani changa za kinywa, kwa ushirikiano na kundi la Tayyaba Hasan wa Boston, imeonyesha kwamba chanzo cha mwanga kinaweza kuwa taa ya LED inayoendeshwa kwa betri. Gharama basi si hoja ya kuikataa fani nzima, na maajabu si hoja ya kuikubali nzima.

Pendekezo lolote la kuleta dawa ya aina hii lingefaa kujibu maswali matano kabla ya kupewa fedha. Je, ni sehemu gani ya dawa inayokusanyika kwenye uvimbe wa binadamu, si wa panya? Uvimbe unaokusudiwa uko kwenye kina gani, na mwanga wa rangi hiyo hufika kina gani katika tishu yenye damu na melanini ya wagonjwa wa hapa? Dawa ikishaamshwa, hurudi kulala au husambaa? Ni wagonjwa wangapi wa ugonjwa huo hufika katika hatua ambayo mahali pa uvimbe panajulikana na haujaenea? Na mgonjwa ataishije na jua katika siku zinazofuata, akilinganishwa na mgonjwa aliyepewa tiba iliyopo sasa?

Swali la nne ndilo litakaloziangusha hoja nyingi, na halitatuliwi katika maabara ya kemia. Rwanda ilianza mwaka 2011 mpango wa kitaifa wa chanjo ya virusi vya papiloma kwa wasichana, nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, chanjo, uchunguzi na kuchoma mabadiliko ya awali kwa kifaa cha joto cha mkononi ni hatua zinazoeleweka na zinazopatikana. Dawa mpya inapaswa kulinganishwa na hizo; kuilinganisha na kutofanya lolote ni kuipa ushindi wa bure.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu haukukusudia kuonyesha kwamba dawa zinazoamshwa na mwanga hazifanyi kazi. Zinafanya kazi, na sifa yao kuu, kubaki zimelala penye giza, ni ya kweli na haina mfano katika tibakemia ya kawaida. Kilichokosolewa ni desturi ya kulitumia neno moja kwa vitendo vinne, ili uimara wa kitendo kimoja ufunike udhaifu wa vingine. Neno hilo likifumuliwa, tiba ileile inaonekana kuwa mzigo kwa mkulima wa Bomet aliyezibwa umio, na inaonekana kuwa jaribio linalostahili fedha kwa kijana mwenye ualbino anayehudhuria kliniki ya ngozi Moshi. Wote wawili wanaishi chini ya jua moja, na wote wawili wangeelezwa katika maandishi yaliyopo kuwa wamepata tiba inayolenga. Kazi ya mtafiti anayeandika kwa Kiswahili, na ya mshauri anayemsoma, ni kuhakikisha kwamba tofauti kati yao haipotei katika tafsiri.